Ubao wa Filamu Bora na Mkanda wa Kisimani

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, nami nikacheka moyoni, maana mmempa saa mtu ambaye kuanzia sasa hana pa kuchelewa. Ahsanteni hata hivyo. Mmoja wenu akaniuliza mbele ya wakubwa, "Mama Hadija, kazi hii ulijifunzia wapi?" Nilimjibu kwa mkato kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Jibu kamili ndilo hili, nawaandikia ninyi mnaobaki kwenye chumba cha vifaa. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa viwili tu, na mishahara haina hadithi.

Hapa chuoni Chimwaga mnaonyesha picha kwa kubonyeza kitufe, na kikikataa mnabonyeza tena. Mimi nilianzia kwenye ukumbi wa sinema wa mjini, jirani na soko, kabla wengi wenu hamjazaliwa. Nilikuwa mkata tiketi. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila mwenye miguu miwili akaenda kuuza mitumba. Msaidizi wa opereta naye akaenda. Mzee Rajabu, opereta wetu, akashuka ngazi ya chumba cha mashine, jambo ambalo hakuwa akilifanya ila kwa swala na chakula, akasimama mbele ya kidirisha changu.

"Hadija, unaogopa moto?"

"Shikamoo, mzee. Naogopa sana."

"Marahaba. Basi panda. Yule asiyeogopa ndiye aliyeniunguzia shuka la dirisha."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Usaili wenu siku hizi unachukua siku mbili, na sijaona kama unapata watu bora zaidi.

Mzee Rajabu alikuwa mtu wa mjini, wa ukoo wa wale waliofika na misafara ya biashara wakaona wapumzike, wakapumzika moja kwa moja. Alivaa kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa uzi. Alinifundisha kazi kwa kunipiga marufuku. Usishike filamu katikati, shika kingo. Usiache vijiti vya makaa viachane. Msiovijua, vijiti hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa taa yetu: unavikaribisha mpaka cheche iruke katikati yao, nuru yake ikawa kali hata huwezi kuitazama, na kwa kuwa vinaliwa na moto, unavisogeza kwa mkono kila dakika chache. Ukisahau, picha kwenye pazia inafifia na watu wanaanza kupiga miluzi. Tena filamu moja ilikuja kwa mikanda sita au saba, kila mmoja kwenye kopo lake. Tulikuwa na mashine mbili. Mkanda mmoja ukikaribia kwisha, nukta ndogo inatokea kwenye kona ya picha. Nukta ya kwanza, washa mota ya mashine ya pili. Nukta ya pili, fungua mwanga. Ukipepesa macho, umekwisha.

"Watu wasijue kwamba upo," aliniambia. "Wakijua upo, umekosea."

Jumamosi yangu ya kwanza nilichungulia kwenye kitundu cha ukutani, nikaona ukumbi mzima umeinua nyuso kuelekea nuru iliyokuwa ikitoka ubavuni kwangu. Makarani, wachuuzi, wachunga ng'ombe waliotoka mnadani na fimbo zao, akina mama na vitoto mgongoni, wote midomo wazi. Nilishikwa na bumbuwazi. Miaka yote niliyofanya kazi baadaye, pamoja na hii ya kuwaunganishia maprofesa nyaya, sijawahi kuona tena watu wengi kiasi kile wakitazama kitu kimoja wakiwa wamejisahau.

Sasa niwaeleze ubao. Nje, kando ya mlango, kulikuwa na ubao mweusi wa kutangazia picha. Mzee Rajabu aliugawa safu tano kwa chaki: za ngumi, za kauboi, za Kihindi, za kutisha, za majonzi. Kila safu filamu tano, bora juu. Kila Jumamosi saa nane, kabla ya onyesho la saa kumi, watu walikusanyika pale kubishana nini kipande na nini kishuke. Majina ya filamu tuliyatoa sisi wenyewe, kwa sababu ya kwenye makopo yalikuwa yanauma ulimi. Kulikuwa na Treni ya Jumanne. Kulikuwa na Mlango Mmoja, ambamo mtu anapigana na kijiji kizima bila kuondoka kizingitini. Kulikuwa na Kabati, iliyoongoza za kutisha miaka mitatu. Wanawake waliapa hawatafungua kabati tena, na bahati nzuri wengi wetu hatukuwa na kabati.

Ubao ulikuwa na sheria. Huruhusiwi kuipangia nafasi filamu uliyoiona mara moja tu. Huruhusiwi kusema ni bora kwa sababu mchezaji wake ni mzuri wa sura. Na safu ya filamu haiamuliwi kwa yaliyomo, inaamuliwa kwa jinsi watu wanavyotoka mlangoni. Wakitoka wanarusha mateke, ni ya ngumi. Wakitoka wanaimba, ni ya Kihindi. Wakitoka kwa makundi hata wasiojuana, ni ya kutisha. Wakitoka bila kuagana, ni ya majonzi. Nakumbuka filamu moja ambamo kauboi anamzika farasi wake huku akilia, na fundi cherehani mmoja, Mustafa, alishikilia kwa wiki nne kwamba ile ni ya majonzi.

"Mustafa," Mzee Rajabu akamwambia, "nilikuona ukitoka. Ulitembea miguu panda, mikono kiunoni, mpaka kwenye baiskeli yako. Ile ni ya kauboi."

Watu wakacheka mpaka Mustafa mwenyewe akacheka. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini pale ubaoni ngoma ilikuwa ya wote. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kamati hapa chuoni, na sijaona hoja zikichambuliwa kama zilivyochambuliwa na wale watu wamesimama juani.

Kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya mwaka wangu wa kwanza juu ya ngazi, na ndilo ninalotaka mlijue.

Stoo ilikuwa na filamu moja isiyo na mwenyewe. Ililetwa zamani, enzi za urafiki na nchi za kijamaa, ikaonyeshwa mara moja kwa wageni, ikasahauliwa. Makopo saba. Lugha yake hakuna hata mtu mmoja mjini aliyeijua. Karatasi zenye namba mchwa walikuwa wamekula. Hata vichwa vya mikanda, ambako namba huandikwa pia, vilikuwa vimekatwa na waliotutangulia ili kuunga filamu nyingine zilizokatika. Wiki moja mvua ilisomba reli huko chini, treni ikakwama na filamu yetu ya Jumamosi. Mzee Rajabu alikuwa nyumbani na malaria. Tiketi zilikuwa zimekwisha kuuzwa, na niliziuza mimi, maana kidirisha bado kilikuwa changu. Nikavuta yale makopo saba nikaanza kuyapanga peke yangu, nikifungua mkanda mmoja mmoja na kuutazama kwenye taa.

Wa kwanza na wa mwisho ilijulikana upesi. Iliyonitesa ni miwili, wa tano na wa sita. Mmoja ulikuwa na mazishi ya mwanamke, mama wa mtoto wa kiume wa miaka kama kumi. Mwingine ulimwonyesha mama huyohuyo kisimani, akichota maji. Kwa akili za kawaida ningeweka kisima kabla ya mazishi. Lakini kwenye mkanda wa kisimani yule mtoto alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani, na mama hakufungua mdomo hata kidogo. Nikajiambia kitambaa kile ni cha msiba, na huyu mama si mtu aliye hai bali ni roho yake. Nikaweka mazishi kwanza, kisima kikafuata. Nikaandika namba kwa rangi juu ya makopo, na mwandiko wangu ni mzuri, mnaujua.

Saa kumi nikaanza. Mwanzoni walinung'unika kwa sababu hakuna teke wala wimbo. Yakaja mazishi, wakatulia. Halafu mama aliyezikwa mbele ya macho yao akaonekana anapanda njia ya vumbi na ndoo yake kuelekea kisimani. Mtoto amekaa pale. Mama anachota, anamimina kwenye kibuyu, anampa. Mtoto anakunywa bila kumtazama. Hakuna anayesema. Mama anaweka ndoo kichwani, anapanda kilima, mpaka njia inabaki tupu. Kumbukeni hapa ni Dodoma, ambako watu wanajua thamani ya ndoo ya maji. Marehemu kurudi kwa sababu mwanawe ana kiu ni jambo ambalo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Sikusikia mtu kukohoa. Nikasahau vijiti vya makaa, pazia likafifia, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyepiga mluzi. Walitoka mmoja mmoja. Hawakuagana.

Mzee Rajabu alipopona aliitazama akiwa amesimama nyuma ya ukumbi. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Nimeshika mashine tangu sijaota ndevu," akasema, "sijaona mtu aliyewaza hivi." Akaenda mwenyewe ubaoni, akaandika juu kabisa ya safu ya majonzi: Mama wa Kisimani. Haikushuka tena.

Tuliionyesha kila treni ilipotuangusha, na treni haikuwa mchoyo kwa hilo. Kila ilipoonyeshwa, Mzee Ndahani alikuwepo. Alikuwa Mgogo wa upande wa Chamwino, dalali wa ng'ombe, mrefu, mjane, na shuka lake halikumtoka begani. Ng'ombe aliwasifia kwa maneno mia, lakini kwa Mama wa Kisimani maneno yake yalikuwa machache. Mtu akileta filamu nyingine ya majonzi, yeye huuliza tu, "Huko kwenye hiyo yako, aliyekufa anarudi?" Mtu akisema hapana, Mzee Ndahani anatikisa kichwa, na mjadala umekwisha.

Kisha vikaja vibanda vya video. Kila mtaa televisheni moja, mabenchi manne na jenereta. Mtu angeona filamu tatu kwa nauli ya kuja kwetu. Ukumbi ukaanza kuwa na viti vitupu, kwanza vya nyuma, kisha vya mbele. Mwenye ukumbi alikuwa mtu mzuri lakini hakuwa kipofu. Akatuita akatuambia amepata mnunuzi anayetaka ghala la mahindi, na kwamba kabla ya kukabidhi funguo tuchague filamu moja ya kufungia, tuionyeshe bure.

Ubao haujawahi kuwa na kazi kama ile. Zile tano za juu, moja ya kila safu, zilipambanishwa Jumamosi mbili mfululizo. Unailinganishaje ya ngumi na ya majonzi? Vijana wa soko walisema Mlango Mmoja ilifundisha mji mzima ujasiri. Akina mama walisema ya Kihindi ndiyo pekee iliyowahi kuwaliza na kuwachezesha kwa tiketi moja. Mustafa akasema, taratibu, kwamba nyingine zote ukitoka unazieleza, ila Mama wa Kisimani ukitoka huelezi. Hoja ile iliwamaliza. Ikachaguliwa.

Katikati ya wiki tukaijaribu mashineni, na milango ilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Akaingia kijana wa suruali ya kitambaa, Injinia Lukasi, aliyehamishiwa mjini kwa ujenzi wa serikali. Alikuwa amesoma miaka sita katika nchi ilikotoka ile filamu, na alikuwa amesikia lugha ile akipita barabarani. Alikaa mpaka mwisho. Kisha akaniita kutoka chini ya ngazi.

"Dada, nani aliyepanga mikanda?"

"Mimi."

"Wa tano na wa sita imebadilishana. Pale kisimani yule mama yuko hai."

Akanieleza, na kila neno lilinishukia kama maji ya baridi. Mtoto alimtukana mama yake. Mama akaapa kutosema naye mpaka aombe radhi. Kile kitambaa ni cha wanafunzi wa kule. Pale kisimani mama amekwenda kumpa nafasi, anampa maji, anasubiri, na mtoto anakunywa na kunyamaza. Mkanda unaofuata mama anakufa. Basi. Hakuna aliyerudi.

Sikula siku ile. Fikirieni: miaka minane watu wameipenda filamu ambayo haikuwahi kutengenezwa na mtu yeyote, ila na mimi na mchwa. Nikamwambia Mzee Rajabu. Nilidhani atanifukuza, ingawa zilibaki siku tatu tu za kufukuzwa. Akageuza kofia yake mkononi.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Waambie ubaoni, Jumamosi, kabla hawajaingia. Halafu wao waamue tunaonyesha ipi."

Jumamosi hiyo ya mwisho watu walijaa mpaka barabarani. Nikapanda juu ya kreti la soda, nikawaambia yote. Walicheka kwanza. Kisha kukawa na mabishano ambayo sijasikia mengine kama hayo. Injinia Lukasi alisema heshima ya filamu ni kuionyesha kama ilivyotengenezwa, na kwamba iliyo sahihi ni nzito zaidi. Mustafa akamjibu kwamba waliotengeneza hawakuwahi kufika Dodoma, ubao huu haupimi walichokusudia wao, unapima kilichotupata sisi. Mwingine akasema tumedanganywa na aishushwe. Mimi nilikuwa namtazama Mzee Ndahani. Alikuwa amesimama pembeni kabisa, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Nikaona nimemnyang'anya kitu. Nikatamani ningefunga mdomo.

Robo saa kabla ya onyesho, ubao ukiwa bado haujaamua, nikasikia ngazi inalia. Hakuna mtazamaji aliyewahi kupanda kule. Mzee Ndahani akaingia ameinama kwa urefu wake, akaamkiana na Mzee Rajabu, mimi nikamwamkia, akaitikia. Akazitazama mashine mbili kwa muda.

"Binti, hukunikosea," akasema kwa Kiswahili chake cha Kigogo, polepole. "Siku mke wangu alipokufa, asubuhi yake tulikuwa tumegombana. Kisa mbuzi. Aliniwekea maji ya kunawa mlangoni. Nikanawa, nikaenda mnadani, sikumsemesha. Niliporudi nikakuta watu wamejaa uani."

Mzee Rajabu aliacha kusogeza vijiti.

"Nilikuwa naipenda kwa sababu anarudi," Mzee Ndahani akaendelea. "Sasa injinia anasema mtoto alikuwa na nafasi akanyamaza. Hiyo nayo naijua, hiyo ni ya kweli. Nataka niione kama ilivyo. Lakini, binti, ule mkanda wa kisimani, ukiisha, huwezi kuurudia? Mara moja. Baada ya kumzika."

Nikamtazama Mzee Rajabu. Katika kazi yetu kurudia mkanda ni aibu. Ni jambo la mlevi. Yeye akafunga kanzu yake kiunoni.

"Mazishi ni dakika kumi na tano," akasema. "Mkanda unarudishwa kwa mkono, na ukiukimbiza sana unakatika. Utaweza?"

"Nitaweza."

Onyesho likaanza. Sikuwatangazia watu chochote. Mkanda wa tano, kisima mahali pake halali: mama anachota, mtoto anakunywa, ananyamaza. Safari hii ukumbi ulijua yuko hai, na nilisikia mtu akimwambia mtoto wa kwenye pazia kwa sauti ya chini, "Sema basi." Hakusema. Mazishi yakaingia. Nikautoa ule mkanda wa kisimani ukiwa bado na joto, nikauweka kwenye meza ya kuzungushia, nikaanza kuurudisha nyuma, kidole kikiwa kwenye kingo kusikiliza kama kuna pa kukatika. Jasho lilinitiririka machoni. Mzee Rajabu peke yake alishika mashine zote mbili. Niliuingiza mkanda kwenye meno ya mashine huku kaburi linafukiwa.

Mama akaonekana tena, anapanda njia ya vumbi na ndoo yake.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi pamoja. Walielewa mara moja, wote, bila mtu kuwaeleza. Mama akachota. Akampa mtoto kibuyu. Chini, safu ya tatu, mtu mrefu akasimama na shuka lake begani, kivuli chake kikaingia pembeni ya picha, na hakuna aliyemwambia kaa. Kwenye pazia mtoto alikunywa maji, akanyamaza kama alivyonyamaza mara zote.

Mzee Ndahani akamwita mkewe kwa jina, kwa Kigogo, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka upande wa pili wa zizi, akamwomba radhi.